Kigogo cha nyumbani hakimzuii mtoto kujua Kiingereza

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu ya wazazi Dodoma: mtoto akiongea Kigogo nyumbani, Kiingereza hakitamkaa. Si kweli. Watoto humudu lugha mbili, hata tatu. Msikilize mmoja pale soko la Majengo: anamwamkia bibi kwa Kigogo, anageuka kudai chenji kwa Kiswahili.

Kinachowachanganya wazazi ni kidato cha kwanza. Aliyesoma msingi kwa Kiswahili anakuta masomo yamegeuka Kiingereza, ananyamaza darasani, lawama anabebeshwa bibi (maskini!). Tena Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya 10. Ulimi utahangaika tu, hata wa asiyejua Kigogo. Mtoto anahitaji kusikia, kusoma na kuongea Kiingereza mara kwa mara. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.