Mathenge haufi kwa panga

Wiki iliyopita nilikuwa barazani chini ya mgunga, si mbali na Marigat, Baringo, nchini Kenya. Mjadala ulikuwa juu ya mathenge (Prosopis juliflora), mti wa miiba uliovamia malisho yetu. Mzee mmoja akasimama akasema maneno ninayoyasikia tangu nianze kazi hii ya malisho: "Huu mti ni mkaa tu. Tupeni vibali tuukate wote, kufikia mvua zijazo hautakuwepo." Watu wakapiga makofi. Nimeyasikia kwa machifu, kwa vijana wa boda boda, kwa wageni wa warsha, hata kwa wenzangu wa ofisini. Safari hii sikukaa kimya. Nikamwambia, "Mzee wangu, twende nikuonyeshe kisiki." Tukaondoka sote. Haya ndiyo niliyomwonyesha, pamoja na yale ambayo jua halikuniruhusu kuyamaliza.

Kisiki kilikuwa kinene kama mkono wangu, kimekatwa kwa panga usawa wa goti. Shina lililoondolewa lilikuwa moja. Machipukizi yaliyosimama mahali pake yalikuwa kumi na saba, mengine yamenizidi kimo, miiba miwili miwili kila kifundo. Nikafukua udongo kwa vidole kando ya kisiki mpaka yakaonekana yale macho madogo ya kuchipukia yaliyolala kwenye shingo ya mzizi, chini kidogo ya ardhi. Uhai wa mathenge uko hapo. Ukiondoa shina, macho yanaamka kwa pamoja, na mzizi unaoyalisha ni uleule wa zamani, uliokwisha kufika kwenye maji. Ndiyo maana hata kiangazi hakiyatishi. Panga haliui mathenge, linaupogoa.

Sasa tuje kwenye mkaa, maana hapa ndipo ninapochoka kabisa.

Sina ugomvi na wachoma mkaa. Mkaa wa mathenge ni mzuri, na ninazijua nyumba ambazo karo ya shule hutoka kwenye magunia hayo. Ugomvi wangu ni na anayeuita mkaa "udhibiti". Mtazame mchoma mkaa akiwa kazini. Anachagua mashina manene, kwa sababu membamba hayajazi tanuru. Anakata pale ambapo mgongo haumuumi, yaani juu. Miche ya kidole anairuka. Akimaliza, anajua kwamba baada ya miaka michache kisiki kilekile kitamwandalia mzigo mwingine, na hapo ana haki ya kufurahi. Huyo anavuna. Tena anavuna palipo na msitu, kwa sababu hakuna mtu atakayetembea kilomita nne kukata mti mmoja uliosimama peke yake kwenye nyasi. Basi nguvu zote zinakwenda mahali ambapo mathenge umeshashinda, na pale unapoanza hapana mtu.

Mti huu ulipandwa Baringo mapema miaka ya 1980 ili kuleta kuni na kufunika ardhi iliyokuwa imechakaa. Picha za setilaiti zinaonyesha kwamba mwaka 1988 ulikuwa umefunika hekta 882. Mwaka 2016 zilikuwa hekta 18,792. Kwa sehemu ya miaka hiyo tuliambiwa "tumia ili udhibiti", na matanuru yalikuwa yakiwaka.

Kosa la pili ni pacha wa hilo la kwanza. Watu wanadhani kwamba serikali ikishautangaza mmea kuwa gugu hatari, kazi ya kuainisha imekwisha: umepewa jina, basi ung'olewe kila mahali kwa nguvu ileile. Kenya mathenge umetangazwa chini ya Sheria ya Kuzuia Magugu Hatari, Sura ya 325, na sheria hiyo inamtwika mwenye ardhi wajibu wa kulisafisha gugu. Kwa shamba lenye ua na hati, sawa. Kwenye malisho ya pamoja ya Wailchamus, wafugaji wa hapa Baringo, mbegu imekuja ndani ya tumbo la ng'ombe wa jirani, ikaota kwenye ardhi ya wote. Nani aitwe mwenye nyumba? Sheria ilimfikiria mkulima, haikumfikiria mfugaji.

Uainishaji unaonisaidia mimi hauulizi mmea ni mbaya kiasi gani. Unauliza uvamizi umefika wapi katika eneo hili hapa. Mti uleule, kilomita kumi kutoka hapo, nautendea tofauti kabisa. Ningekuwa Kahe leo, kule upande wa Moshi ambako wanauita mrashia, nisingezungumza na mtu yeyote juu ya mkaa wala unga wa maganda wa kulisha mifugo. Penye miti ya kuhesabika, kila mti ung'olewe, kisha mtu arudi kila mwaka kutafuta miche, kwa sababu mbegu huvumilia udongoni miaka. Kazi hiyo ni ya bei nafuu na haina picha nzuri za kuonyesha, kwa hiyo ni vigumu kuipatia fedha. Penye ukingo, yaani miti iliyotawanyika ikielekea kwenye nyasi nzima, ndipo ninapotaka vibarua wangu wote. Penye kichaka kizito, kama zile sehemu za Ng'ambo, karibu na Marigat, ambako mbuzi hapenyi, nafungua njia ya maji, njia ya mifugo na viunga vya maboma. Kilichobaki nawaachia wachoma mkaa wakivune wapendavyo. Hapo wanatusaidia kweli.

Nilipoanza, nilifanya kinyume. Niliingia katikati ya kichaka kwa sababu ndiko kilio kilikokuwa kikubwa, nikawalipa vibarua kwa idadi ya visiki. Wakaleta idadi, na ndani yake mlikuwa na migunga, mti wetu wa asili. Mche wa mgunga na wa mathenge unaweza kumchanganya mtu mwenye haraka. Siku hizi, kabla ya panga kugusa kitu, nawakalisha tuangalie jani kwanza: la mathenge lina mikono michache yenye vijani virefu, la mgunga lina vijani vidogo mno. Kisha mwiba: mgunga huchanganya mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana, mathenge wote umenyooka. Mti ukiwa na maganda, hapana shaka tena, kwa sababu ya mgunga yamejikunja na ya mathenge yamenyooka, rangi ya majani makavu. Ile migunga ilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi, na bado inaniuma.

Kuua kwenyewe ni kufupi kusimulia. Mche: ng'oa ardhi ikiwa na unyevu. Mti: chimba kwa sururu ukate chini ya ile shingo; mimi nashuka hadi sentimita 30. Ukishindwa kuchimba, kata karibu na ardhi na upake triklopiri, dawa ya kuua magugu, iliyochanganywa na dizeli papo hapo, kabla kidonda hakijakauka, kwenye ule mduara wa ndani ya gome. Katikati ya kisiki hapana haja, kuni ile imekwisha kufa. Vaa glavu. Karibu na ziwa situmii dawa hii kabisa. Ziwa Baringo wanakunywa watu na ng'ombe, na mimi sina moyo wa kumwaga dizeli kandokando yake hata kama kisiki kitanishinda.

Wadudu? Naulizwa kila mara, kwa sababu watu wameona mpungate wa Laikipia ukinyauka kwa kidudu chake, na wamesikia habari za gugu maji la Ziwa Victoria. Afrika Kusini waliachilia mbawakawa wanaokula mbegu za mathenge tangu mwaka 1987. Walichagua wala mbegu makusudi, maana wapo waliotaka miti ibaki. Shida ni kwamba mifugo huyawahi maganda kabla mdudu hajayafikia, na mti uliokwisha kusimama unaendelea kusimama.

Linaloninyima usingizi ni kile kinachofuata baada ya kufyeka. Ardhi iliyofyekwa ikaachwa wazi huota mathenge mingi kuliko mwanzo, kwa sababu hazina ya mbegu imepata jua. Tunapanda nyasi, Cenchrus ciliaris hasa, na nyasi zikishika zinaubana mche. Lakini ili zishike, ng'ombe wasiingie kwa msimu au miwili. Nenda ukamwambie hivyo baba mwenye ng'ombe sita waliobaki, mwaka wa kiangazi, nyasi pekee za kijani zikiwa ndani ya ua wako. Nimewahi kufungua lango mwenyewe. Sijui kama nilikosea, na ningeletewa siku ile tena ningelifungua. Ramani yangu nayo haitulii: ziwa lilipofurika mwaka 2020 lilizamisha vichaka nilivyokwisha kuviandika, na maganda huelea. Mistari niliyoichora imebidi niichore upya.

Wenyeji wa hapa hawahitaji kufundishwa ubaya wa mti huu. Mwaka 2006 walikwenda mahakamani Nairobi, na mbuzi asiye na meno akapelekwa kuwa ushahidi, kwa kuwa sukari ya maganda huozesha fizi na meno ya mnyama asiye na chakula kingine. Wanachohitaji ni kuambiwa kazi ianzie wapi.

Tulipotoka kwenye kisiki, mzee aliniuliza, "Na kwangu je?" Tukaenda bomani kwake. Nje ya zizi kulikuwa na kinyesi cha ng'ombe, kikavu, cha upana wa sahani, na ndani yake mche baada ya mche umesimama, kumi na moja kwa jumla, majani mawili matatu kila mmoja. Meno ya mbuzi huvunja mbegu nyingi, ng'ombe anazipitisha nzima. Nikamweleza kwamba maganda yakisagwa kwenye mashine ya posho mbegu hufa na unga unalisha vizuri, na kwamba ng'ombe waliotoka kichakani wakati wa maganda wakae zizini wiki nzima kabla ya kuingia kwenye nyasi safi. Alisikiliza huku ameshainama. Miche minane ya kwanza ilitoka na mizizi yake, myeupe, mirefu kuliko kimo cha mche wenyewe. Wa tisa ukakatikia mkononi. Aliutazama, akamwita mjukuu wake alete jembe.