Simu imejibu swali la mirathi, dhamana anabeba nani?

Baada ya semina yetu Mikindani, kijana mmoja alinifuata na simu mkononi. Baba yake amefariki, ameacha mjane, watoto watatu na shamba la mikorosho. Kijana aliiuliza akili unde, ambayo wengi wetu tunaiita akili mnemba, mama yake anastahili kiasi gani kwa sheria ya Kiislamu. Simu ikamjibu kwa Kiswahili safi kabisa: robo.

Robo si uzushi. Suratun Nisaa, aya ya 12, inampa mjane robo ikiwa marehemu hakuacha mtoto. Akiacha mtoto, fungu lake ni thumni, yaani moja ya nane. Kijana hakutaja watoto, na simu haikuuliza.

Tukaenda kwa sheikh wa mtaa. Kabla ya kutaja fungu lolote, sheikh akauliza: marehemu ameacha watoto? Aliusia kitu? Deni la salfa, dawa ya mikorosho, ya msimu uliopita limelipwa? Maana deni na wasia hutangulia, warithi wanagawana kinachobaki. Halafu akauliza, "Mama yako sasa hivi anakaa na nani?" Swali hilo halimo kabisa katika hesabu ya mafungu. Kijana alinyamaza, kisha akalia.

Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na kazi yake ni kukadiria neno lipi lifuate neno lipi. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alitoa mfano wa mtu asiyejua Kichina aliyefungiwa chumbani na kitabu cha maelekezo. Anapokea maswali ya Kichina, anafuata kitabu, anatoa majibu sahihi. Walio nje wanaamini anaijua lugha, naye haelewi hata neno moja. Wapo wanaompinga Searle hadi leo. Mimi, kila nikimkumbuka yule sheikh, naona Searle alishika penyewe.

Je, kuunda mashine kama hii ni kuingilia kazi ya Mungu? Swali hili naulizwa kila semina. Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, aliligusa tangu mwaka 1950. Kwa hoja yake, anayesema Mungu hawezi kuipa mashine roho anauwekea mipaka uwezo wa Mwenyezi. Jibu zuri, ila halituambii kama roho hiyo imetolewa. Qurani, 17:85, inasema roho ni katika amri ya Mola, na wanadamu wamepewa elimu kidogo tu.

Wakatoliki wa Ndanda na kwingineko wana waraka wa Vatikani wa tarehe 28 Januari 2025, unaosema akili unde ni zao la akili ya binadamu, si aina nyingine ya akili hiyo. Kwa hiyo dhamana inabaki kwa watu: anayeiunda, anayeiuza, anayeitumia. Msikiti na kanisa hapa wanakutana. Amali huhesabiwa kwa nia, na simu haina nia. Ikikosea haina aibu, wala huwezi kuiita kikaoni mbele ya wazee.

Itumieni kutafuta aya, kufasiri neno gumu, kuandaa maswali. Hukumu ya ndoa, mirathi au toba mpelekeeni mtu mnayeweza kumrudia kesho yake.

Yule kijana alirudi kwa sheikh na daftari. Deni likalipwa kwanza, mama akapewa thumni yake, na simu ikatumika kukokotoa kilo za korosho.