Gravimita Haioni Gesi: Ufafanuzi Kuhusu Upimaji wa Mvutano na Mitetemo

Kila timu ya upimaji wa kutafuta gesi inapoingia kijijini, ofisi yetu ya Dar es Salaam huulizwa swali lilelile: mashine imeona gesi wapi? Hakuna mashine inayoona gesi. Gravimita hupima mvutano wa dunia, ambao kwa jumla ni takribani miligali 980,000 (miligali ni kipimo kidogo cha nguvu ya mvutano), na bonde la chini ya ardhi lililojaa mashapo mepesi, yaani mchanga na tope vilivyotuama na kugeuka miamba, huupunguza kwa makumi machache tu ya miligali. Isitoshe, umbo pana lililo karibu na uso wa ardhi na umbo nene lililo kina kirefu huweza kutoa kipimo kimoja, na gravimita peke yake haiwezi kuyatofautisha.

Ndiyo maana tunahitaji pia mitetemo inayotumwa ardhini, ambayo mwangwi wake hurudi kutoka kwenye mipaka ya matabaka ya miamba na kunaswa na jiofoni, yaani vinasa mitetemo vinavyowekwa ardhini. Mwangwi huo hutupa muda wa mawimbi kwenda na kurudi, si kina. Kina hupatikana pale kasi ya mawimbi inapojulikana, na chini ya chumvi, kama ile ya bonde la Mandawa mkoani Lindi, picha ya matabaka huwa na ukungu. Kwa hiyo tunachora matabaka kwa mitetemo, tunakadiria msongamano wa kila tabaka kutokana na kasi yake, kisha tunakokotoa mvutano ambao modeli hiyo, yaani mchoro huo wa matabaka, ingetoa na kuulinganisha na uliopimwa. Visipolingana, tunarekebisha kwanza pale ambapo mitetemo haikuona vizuri. Hata vikilingana, tumepata umbo la miamba tu. Kilichomo ndani kitajulikana kwa kuchoronga kisima.

Kuhusu vigingi vinavyoonyesha vituo vya kupimia, wananchi wazingatie kwamba kupanda mita 1 tu hupunguza mvutano kwa takribani miligali 0.3, hivyo urefu wa kila kituo hupimwa kwa uangalifu, na gravimita hurudishwa kituo cha msingi mara kadhaa kwa siku kwa sababu springi yake hulegea polepole. Kigingi kikihamishwa, kituo hupimwa upya. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kisingizio cha kutafuta kuni hakisaidii. Mwenye mazao yaliyokanyagwa amwone mtendaji wa kijiji mapema, kabla ya kulima upya, ili uharibifu ukaguliwe ukiwa bado unaonekana.

Wanaonunua viwanja kandokando ya mikuza, yaani njia zinazofyekwa kwa ajili ya upimaji, nao wafahamu kwamba mkuza hupitishwa mahali ambapo modeli yetu ina shaka, si mahali ambapo gesi imeonekana.