Umesubiri kibali cha elki miaka ishirini. Sasa utarajie nini?

Majibu ya droo ya vibali vya kuwinda ya jimbo la Colorado yakishatoka, kwenye mwanzo wa Juni hivi, simu yangu huwa haitulii. Mwaka mmoja alinipigia mzee mmoja mpole kutoka majimbo ya mashariki, aliyekuwa amekusanya pointi 24, moja kwa kila mwaka wa kusubiri. Hatujamaliza hata kusalimiana akaniambia fundi wake ameshapima ukuta wa sebuleni, juu ya meko, pale kichwa cha elki kitakapotundikwa. Dume mwenyewe wakati huo alikuwa milimani bado anaota pembe, zimevikwa ngozi laini yenye vinyweleo, hana habari kwamba ameshapimiwa ukuta.

Nimeongoza wawindaji kaskazini-magharibi mwa Colorado, kaunti ya Moffat, kwa misimu kumi na minne. Naandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu mlioko huku Marekani mnaoanza kuomba vibali, na ninyi wa nyumbani mnaoniuliza kila mara kwa nini mtu asubiri miaka ishirini kwa ajili ya mnyama mmoja.

Kwanza mnyama mwenyewe. Kiswahili hakina jina lake, kwa hiyo mimi humwita elki. Wengine humwita wapiti. Ni wa ukoo wa kulungu wa nchi za baridi, na dume aliyekomaa hufika kilo 300 na zaidi. Tofauti na nyati au pofu, pembe za elki hudondoka kila mwaka baridi inapoelekea kuisha, kisha huota mpya. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote Marekani, zaidi ya 280,000, na yapo maeneo mengi unayoweza kuwinda bila kusubiri sana. Vitalu namba 2, 10 na 201, kule kwenye kona ya Utah na Wyoming, ni habari nyingine. Huko vibali hutolewa vichache kwa makusudi ili madume wapate kuzeeka. Ukiomba kama chaguo lako la kwanza ukakosa, unapewa pointi moja, na mwaka unaofuata wenye pointi nyingi wanatangulia. Inaonekana haki tupu, kama foleni ya benki. Kasoro yake ni kwamba foleni hii inarefuka kwa mbele. Chukua mfano wa kubuni: vibali 10, na watu 100 wote wana pointi 25. Itachukua miaka kumi kuwamaliza hao tu, na wa mwisho wao atakuwa na pointi 34. Wewe wa pointi 15 leo utakuwa unakimbiza basi ambalo nalo halijasimama.

Kwa hiyo kijana anayeanza na sifuri mimi humwambia wazi: vitalu hivi vitatu usivipangie maisha. Kuna upenyo mdogo, kwani katika vitalu vigumu zaidi hadi asilimia 20 ya vibali huchezeshwa kwa bahati nasibu kwa wenye pointi 5 au zaidi. Jaribu, lakini usiage kazini. New Mexico haina pointi kabisa, kila mwaka wote mnaanza sawa, japo wasio wakazi wa jimbo hugawiwa asilimia 6 tu ya vibali, na wanaopitia kampuni za uwindaji asilimia 10. Mimi ningeomba kote kuwili. Na kabla ya yote fanya kozi ya usalama wa uwindaji. Colorado kila aliyezaliwa kuanzia 1949 lazima awe na cheti chake.

Tuseme sasa umepata. Umenunua nini hasa?

Umenunua nafasi ya kuwinda pasipo msongamano. Katika vitalu vya kawaida asubuhi ya siku ya kwanza unaona taa za magari zimepangana kama msafara wa harusi, na elki wanajua hilo kuliko wewe. Huku unaweza kupita siku nzima bila kuona koti la rangi ya chungwa zaidi ya lako. Umenunua pia nafasi ya kukutana na dume wa miaka saba, minane, umri ambao pembe hufikia ukubwa wake. Lakini kukutana naye hakujaahidiwa, na pembe kubwa hazijaahidiwa kabisa.

Hapa ndipo wateja wengi wanajiharibia mawindo yao wenyewe, kwa inchi. Pembe hupimwa kwa kujumlisha urefu wa mihimili, urefu wa matawi, unene na upana, na jumla hiyo imekuwa ugonjwa. Klabu ya Boone and Crockett, inayotunza rekodi za pembe, huanza kuandikisha elki wa pembe za umbo la kawaida kwa inchi 360, na kwenye daftari lao la kudumu ni 375. Dume aliyevunja rekodi ya dunia kwa pembe za umbo lisilo la kawaida, Utah mwaka 2008, alipita inchi 478. Mtu akishaangalia picha za namna hiyo miaka ishirini mfululizo, anafika kwangu akidhani 350 ni wa kukataa. Kwa macho yangu mimi, dume wa matawi sita kila upande, mwenye inchi 300 hadi 330, ni dume mzuri sana hata katika vitalu hivi. Wa 350 nimewaona, tena wazima, ila unawahesabu kwa vidole. Na kutoka mita 400, jua likiwa nyuma yake, hakuna anayeweza kutofautisha 325 na 340, hata kama anajidai.

Mwaka nao una neno lake. Kwa kuwa pembe huota upya kila masika na kiangazi, dume yule yule anaweza kuwa mkubwa mwaka huu na mwakani akapungua, mvua zikikosekana na nyasi zikachomwa mapema. Tena kuna baridi. Majira ya baridi ya 2022 kuamkia 2023 yaliipiga vibaya kona hii ya Colorado. Theluji ilirundikana na kuganda, wanyama wengi wakafa, na vibali vikapunguzwa sana. Pointi zako hazina kinga dhidi ya theluji. Kama una 24 na habari za mwaka ni mbaya, nunua pointi tu, hilo linaruhusiwa, na usiombe kibali. Hilo huwaudhi watu, lakini bora hivyo kuliko kuitumia akiba yote katika mwaka wa njaa.

Halafu soma kibali chako, kimeandikwa msimu gani. Watu huota Septemba: dume anapiga mbinja ile ndefu inayopanda kama filimbi na kuishia kwa kukoroma, majike yanazunguka, mwindaji amejibana nyuma ya msindano na upinde wake. Ndiyo, Septemba iko hivyo, na wenye upinde na wenye magobori huifaidi. Ukiwa na kibali cha bunduki cha Novemba, sahau mbinja. Dume ameshamaliza kupandana, amepoteza hata moja ya tano ya uzito wake, na kitu pekee anachotaka ni kula na kuachwa. Anajitenga na majike, anajificha kwenye korongo lenye miti mifupi minene, anatoka kwa dakika ishirini jioni. Kazi yako itakuwa kukaa na darubini kwenye baridi, macho yanatoka machozi, unachambua kilima kile kile kwa saa sita. Wengi hawakujiandaa na uvivu wa namna hiyo, maana ni uvivu unaochosha.

Ramani nayo isikudanganye. Kitalu namba 10 kinapakana na hifadhi ya Dinosaur National Monument, na ndani ya hifadhi hairuhusiwi kuwinda. Elki hawajasoma sheria, lakini wanaijua mipaka kama karani wa ardhi. Nimewahi kukaa na mteja siku tatu tukitazama dume mkubwa akilala mita mia mbili ndani ya mpaka. Siku ya nne hakuonekana tena. Hatukumpata.

Rudini kwa mzee wa pointi 24. Siku ya pili, saa moja asubuhi, dume alitoka kwenye miti, sita kwa sita, mkao mzuri, upepo unatupuliza usoni. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Mzee, huyu ni mzuri." Akashusha bunduki. "Siku ya pili tu," akasema. Sikumlaumu, kibali ni chake. Baadaye upepo ukageuka, theluji ikatangulia, siku zikaisha. Jioni ya mwisho aliniuliza kama yule wa siku ya pili angefika 340. Nilimjibu sijui, na ni kweli sikujua. Tangu hapo kila mteja namuuliza swali moja kabla hatujaondoka kambini: ni dume gani utakayempiga siku ya mwisho saa kumi jioni? Akishanieleza, namuuliza kwa nini asimpige huyo huyo siku ya kwanza. Wengine hucheka, wengine hukasirika, wengine hushuka kwa inchi thelathini pale pale.

Na ukimpiga, kazi ndiyo imeanza. Dume mkubwa hukupa nyama isiyo na mfupa kama kilo 90, na gari huenda liko kilomita tano nyuma, chini ya mlima, kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,000 ambapo kupumua tu ni jasho. Ni safari nne za mgongoni, au upate farasi. Kuchukua pembe na kuiacha nyama ni kosa la jinai Colorado. Septemba jua bado kali, kwa hiyo nyama iwekwe kivulini ipate hewa mapema, la sivyo itakuharibikia kwenye mifupa ya paja kwanza.

Marafiki zangu wa Denver hunipigia Novemba kuuliza kama nauza. Siuzi, sheria hairuhusu kuuza nyama ya mnyama pori aliyewindwa. Lakini kugawa naruhusiwa, na pilau la elki lenye bizari ya kutosha limeshatulisha Idi mbili. Paja chukueni. Mbavu zinabaki kwangu.