Eti mama wa kijijini hapendi hospitali: maneno tunayoyarudia na ukweli wake

Dhana inayoniumiza kuliko zote ni hii, kwamba kina mama wa vijijini wanajifungulia nyumbani kwa sababu hawana elimu, hawajui umuhimu wa hospitali. Wanajua sana tu. Kenya ilifuta malipo ya kujifungua kwenye vituo vya serikali mwaka 2013, na utafiti wa kitaifa wa 2014 ukaonyesha karibu watoto 6 kati ya 10 wanazaliwa kituoni, ule wa 2022 wakawa zaidi ya 8 kati ya 10. Tanzania nayo ilikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16, ikafika 81 mwaka 2022. Njia ikifunguka kina mama wanaenda, kwahiyo kabla hujamlaumu mtu uliza kwanza zahanati iko wapi, na usiku kuna mtu wa kumpokea?

Halafu kuna hii ya "huduma si bure jamani, wanaogopa nini?" Kwenye karatasi ni bure kweli, ila mama anaambiwa aje na glovu, wembe, pamba, mpira wa kutandika kitandani, beseni na kanga safi, na sehemu nyingine akifika mikono mitupu anapokelewa kwa maneno makali, kwahiyo asiye na hivyo vitu anaona bora abaki nyumbani asiaibike. Bado nauli. Uchungu haupangi ratiba, ukianza saa nane usiku mvua inanyesha, bodaboda anataka bei ya usiku na hela iko kwa baba aliyesafiri, hapo "bure" haipo tena. Na mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya kama masaa mawili, hata kama alikuwa mzima kabisa asubuhi. Ndio maana napenda m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa kina mama Tanzania, unapiga 115 bila malipo, kama ambulensi hakuna wanamtuma dereva wa gari binafsi wa maeneo hayo hayo aliyesajiliwa, na analipwa na mfumo, sio na familia.

Mwingine atakwambia ni mila zinawazuia. Mila zipo, kuna nyumba mama mkwe na mume ndio wanaamua lini aende, ila tusitupie mila kila kitu. Kuna mama anarudishwa kliniki kwa sababu hajaja na mume, anatumwa akalete barua ya serikali ya mtaa, mume mwenyewe alishamkimbia! Na kuna waliopigwa makofi na kutukanwa leba. Utafiti uliotoka 2019 uliofuatilia kina mama Ghana, Guinea, Nigeria na Myanmar ulikuta zaidi ya theluthi moja walitendewa vibaya wakati wa kujifungua. Aliyetukanwa anamsimulia dada yake na jirani yake, na hao nao wakishika mimba wanakumbuka. Najua nesi mwenyewe pengine yuko peke yake zamu nzima na kina mama wanne wanaojifungua, anahitaji wenzake wa kumsaidia, ila matusi hayaokoi mtu.

Kuhusu wakunga wa jadi watu wamegawanyika, wengine wanasema wapigwe marufuku basi. Malawi ilijaribu 2007, marufuku ikaondolewa 2010. Mkunga yuko jirani, anakuja usiku, ana lugha nzuri, anakuacha uchuchumae ukitaka (na Shirika la Afya Duniani lilishasema 2018 mama achague mwenyewe mkao wake, hii ni haki yake hata hospitalini). Lakini nisikufiche, hana damu ya kukuongezea, hana dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, na zile dawa za miti za kuharakisha uchungu hakuna anayejua kipimo chake, uchungu ukizidi nguvu mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Mkunga anayemsindikiza mama mpaka kituoni na kukaa naye pale anasaidia kuliko anayefukuzwa akazalishe kwa kujificha.

"Nimeshazaa watano salama nyumbani, huyu wa sita atanishinda?" Hapa kina mama wenzangu naomba mnisikilize, maana mimba nyingi ndio zinaongeza hatari ya kizazi kushindwa kujikaza na damu kumwagika. Wa kwanza kwenda salama sio dhamana ya wa sita.

Na ile ya "hospitali wanapasua tu", wengi wanajifungua kawaida, upasuaji ni pale njia ya kawaida imeshindikana au ina hatari, na ukicheleweshwa mtoto akakwama siku mbili mama anaweza kubaki na fistula, mkojo unavuja muda wote.

La mwisho ni kuficha mimba mpaka tumbo litoke lenyewe, kwa kuogopa kurogwa au maneno ya watu. Ushauri wa sasa ni hudhurio la kwanza kabla ya wiki 12 na jumla yawe 8, kwa sababu upungufu wa damu, kaswende, VVU na presha vikikutwa mapema vinatibika au vinadhibitiwa, mtoto anakingwa. Kama unaogopa macho ya watu nenda kimya kimya, kadi ya kliniki inakaa kwenye begi lako na hakuna anayelazimika kuiona.