Operesheni Imekwisha, Kusikia Bado

Ile video imezunguka tena. Mtoto aliyewekewa kipandikizi cha koklea, kifaa cha umeme cha kumsaidia asiyesikia, kapakatwa, mtaalamu anabonyeza kitufe kwenye kompyuta, mtoto anashtuka na kugeuza kichwa, mama machozi yanamtoka, na chini yake watu wanaandikiana: "Amepona!" Hajapona. Kila video hiyo inaporudi, maswali yanarudi nayo: akishapasuliwa atasikia siku hiyohiyo? Ataanza kuongea lini? Imani hii, kwamba operesheni ndiyo inayoleta kusikia, si kosa dogo la maneno. Inawafanya wazazi wamalize nguvu zao zote kwenye saa mbili tatu za chumba cha upasuaji, halafu wachoke pale kazi yenyewe inapoanza.

Kipandikizi cha koklea (koklea ni ile sehemu ya sikio la ndani iliyojizungusha kama konokono) hakitengenezi sikio. Mle ndani hakuna kilichorekebishwa. Kifaa kinaruka sehemu iliyokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva ya kusikia. Umeme huo bado si maneno. Maneno huyajenga ubongo, na ubongo hauna haraka.

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kuchanganya operesheni za aina mbili. Zile za sikio la kati kweli ni matengenezo. Ngoma ya sikio ikitoboka, tunaiziba kwa kipande cha utando wa msuli wa juu ya sikio au gegedu. Kikuku, kile kifupa kidogo kinachopeleka mtikisiko wa sauti sikio la ndani, kikigandishwa na mfupa ulioota kukizunguka, tunakata miguu yake, tunatoboa tundu dogo kwenye unyayo wake, na kuingiza pistoni yenye kipenyo cha milimita 0.4 hadi 0.6 iliyoning'inizwa kwenye fuawe, kifupa cha jirani yake. Daktari Mmarekani John Shea alifungua njia hiyo mwaka 1956. Pistoni ikiwa fupi haifiki. Ikiwa ndefu inagusa sikio la ndani na mgonjwa anapata kizunguzungu. Takriban mgonjwa mmoja kati ya 100 hupoteza usikivu wote wa sikio hilo, na hilo aambiwe kabla ya kuweka sahihi. Lakini mambo yakienda sawa, kinachofika kwenye koklea ni sauti ya kawaida, na koklea yenyewe ni nzima. Huyu anaweza kusikia vizuri ndani ya siku au wiki chache, na hana cha kujifunza upya.

Kipandikizi ni habari nyingine. Koklea ya binadamu ina seli vinywele, zile zinazopokea mtikisiko wa sauti, kama 15,000, na kati ya hizo ni kama 3,500 za safu ya ndani ndizo zinazobeba karibu habari yote kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Nyuma yake kuna nyuzi za neva kama 30,000. Sisi tunaleta elektrodi, yaani vincha vya kutolea umeme, 12, au 16, au 22 kutegemea mtengenezaji. Tena koklea imejaa maji ya chumvi, kwa hiyo umeme wa elektrodi moja unasambaa na kugusa nyuzi ambazo zilikuwa za jirani yake. Sauti iliyokuwa na rangi elfu inafika na rangi chache, tena zimechujana kingo. Ajabu ni kwamba ubongo unaweza kutoa lugha humo.

Historia yenyewe inasema hivyo. Mwaka 1957 mjini Paris, madaktari Djourno na Eyriès walimwekea mtu elektrodi, akasikia mdundo na kutambua maneno machache tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wahandisi akina Hochmair kule Vienna na daktari Graeme Clark kule Melbourne waliweka elektrodi nyingi, kila moja na sehemu yake ya masafa, yaani wembamba au uzito wa sauti. Hatua kubwa iliyofuata haikutoka kwa mpasuaji. Mwaka 1991 mhandisi Blake Wilson na wenzake walionyesha kwamba elektrodi zikirushwa kwa zamu, moja baada ya nyingine kwa kasi sana, badala ya zote kwa pamoja, watu wanaelewa maneno vizuri zaidi. Ni programu ndiyo iliyobadilishwa.

Operesheni yenyewe, kwa haraka. Kabla: CT skani kuona mfupa, MRI kuona kama neva ya kusikia ipo. Kama haipo, kipandikizi cha koklea hakina cha kuzungumza nacho. Chanjo ya bakteria wa nimokoka angalau siku 14 kabla, maana mwenye kipandikizi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya homa ya uti wa mgongo. Nusu kaputi, mkato nyuma ya sikio, kuchonga mfupa wa mastoidi kwa drili, kisha kufungua kidirisha chembamba kati ya neva ya uso na neva ya ladha. Hapo kipima neva ya uso kiwe kimeunganishwa, tayari kulia neva ikiguswa, kwa sababu kosa la milimita moja au mbili linaacha uso umepinda. Halafu dirisha la duara, mlango wa kuingilia koklea, na uzi wenye elektrodi zote unasukumwa taratibu sana, dakika nzima na zaidi, kwa sababu mkono wenye pupa unachana utando laini wa ndani. Tundu linazibwa kwa kipande cha utando. Kabla ya kushona tunapima ukinzani (jinsi umeme unavyozuiwa) wa kila elektrodi na mwitikio wa neva, na picha ya eksirei inaonyesha kama ncha imejikunja. Ikiwa imejikunja, bora kuitoa leo kuliko kuigundua baada ya mwezi.

Umeona? Mgonjwa anazinduka, kidonda kinafungwa, na hasikii chochote. Hana hata sehemu ya nje ya kifaa. Kuuliza siku ya pili kama "operesheni imefaulu" ni kuuliza kama mbegu imezaa wakati udongo bado umelowa.

Kwa kawaida, wiki 2 hadi 4 baadaye ndipo kifaa kinawashwa. Prosesa, kompyuta ndogo inayochambua sauti, inakaa nyuma ya sikio; koili, kisahani kinachopeleka ishara ndani, inashikwa kichwani na sumaku iliyo chini ya ngozi. Video haionyeshi kilichokuwa kinafanyika kabla ya mtoto kugeuka. Tunaanza na elektrodi ya kwanza: midundo midogo ya umeme, chini kabisa, tunapandisha hatua kwa hatua. Mtu mzima anainua kidole anaposikia "ti-ti" hafifu. Hicho ndicho kizingiti. Tunaendelea kupanda hadi aseme ni kubwa lakini haikeri. Hicho ndicho kiwango cha juu. Halafu elektrodi ya pili. Mtoto mchanga hasemi, kwa hiyo tunatazama: ameacha kunyonya? Macho yametulia? Amekunja uso? Tukiona jicho linapepesa kila midundo inapoingia, umeme unavuja hadi neva ya uso, na elektrodi hiyo inapunguzwa au inazimwa. Elektrodi yenye ukinzani wa juu kupita kiasi huenda ina kiputo cha hewa, au waya umekatika.

Siku hiyo ya kwanza tunaweka viwango vya chini kwa makusudi. Mtoto anapewa programu kama 4 zinazopanda, na mzazi anahamia inayofuata kila baada ya siku chache. Ukianza juu, mtoto anang'oa koili na kuitupa, na kwa wiki nzima ataihusisha na maumivu. Kwa hiyo yule mtoto wa kwenye video anayegeuka amesikia kitu, ndiyo. Hajui ni nini. Na mtoto anayelia badala ya kucheka hajafeli; ameshtuliwa na kitu kipya kabisa, na kulia ni jibu zuri tu.

Sasa nifike kwenye linaloniudhi zaidi. Miezi kadhaa baadaye tunapima usikivu akiwa amevaa kifaa, na chati inaonyesha anagundua sauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 25 au 30. Mzazi anaiona karatasi, anaiona iko karibu na kawaida, na anaondoka akisema mtoto anasikia kama wengine. Mwalimu anaambiwa hivyohivyo, na mtoto anahamishwa kiti cha nyuma. Hapana! Chati ile inasema kwamba sauti ndogo imegunduliwa. Haisemi kwamba imetofautishwa. Kugundua kwamba kuna mtu anaongea, kujua ni "pata" au "bata", na kuelewa "nimepata bata" darasani watoto 40 wakipiga kelele, ni mambo matatu tofauti, na umbali kati ya la kwanza na la tatu unaweza kuwa miaka. Ukitaka kujua kifaa kinafanya nini, omba kipimo cha maneno, kwenye ukimya na kwenye kelele. Ukipewa chati ya desibeli peke yake, hujapewa jibu.

Ndiyo maana tunahesabu umri wa kusikia. Unaanza siku ya kuwasha kifaa. Mtoto wa miaka 2 aliyewashiwa jana, masikioni ni mchanga wa siku moja. Mtoto yeyote husikiliza takriban mwaka mzima kabla ya neno la kwanza. Huyu naye apewe mwaka wake. Na katika mwaka huo kifaa kivaliwe wakati wote akiwa macho. Prosesa inaandika muda, tunausoma kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuna haja ya kuniambia "anavaa" wakati kumbukumbu inaonyesha muda wa saa 3 kwa siku. Sisemi hivyo kumkaripia mzazi. Muda huo mfupi mara nyingi ni ishara ya programu kali mno, au sumaku inayobana hadi ngozi inakuwa nyekundu. Sema, turekebishe.

Umri una uzito kweli. Kwa aliyezaliwa hasikii, njia za kusikia za ubongo hukua kwa urahisi zaidi sauti ikifika kabla ya miaka 3 na nusu, na kabla ya mwaka 1 ni bora zaidi. Baada ya miaka 7 mlango umesinyaa sana. Mtu mzima aliyezaliwa hasikii na hakuwahi kuvaa hata kifaa cha kawaida atapata honi, mlango, jina lake. Mazungumzo bila kutazama midomo ni nadra. Wengine huvua na kuweka kabatini. Kumwahidi kama tunavyomwahidi mtu aliyepoteza usikivu mwaka jana ni kumdanganya.

Aliyeongea na kusikia zamani hukaa upande mwingine. Wiki za kwanza sauti zote ni za roboti, mume na mtoto wanafanana. Kwa kawaida anapanda haraka ndani ya miezi 3 hadi 6, kisha polepole hadi mwaka. Asome maandishi huku anasikiliza sauti ya maandishi hayohayo, dakika 30 kila siku, kwa sikio lile peke yake. Muziki utachelewa kumwingia, kwa sababu elektrodi 22 hazibebi vizuri wembamba na uzito wa sauti.

Kuna hali moja ambapo naikubali haraka ya operesheni, na hapo watu ndipo wanaposubiri: uziwi baada ya homa ya uti wa mgongo. Koklea inaweza kuanza kujaa mfupa ndani ya wiki chache, na ikishajaa, elektrodi haina pa kupita. Mgonjwa wa namna hiyo apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Na kuna mambo ambayo vijitabu vya kliniki havipendi kuyasema. Chukua watu wawili wa umri mmoja, waliopoteza usikivu kwa muda uleule, kifaa kilekile, mpasuaji yuleyule. Mmoja baada ya miezi 3 anaongea kwenye simu, mwingine baada ya mwaka bado anategemea midomo. Tulichojua kabla ya operesheni kinaeleza sehemu ndogo tu ya tofauti hiyo. Tunashuku idadi ya nyuzi zilizobaki hai, mahali elektrodi ilipolala, na ubongo wenyewe. Vilevile usikivu mdogo uliobaki: tunauhifadhi kwa mkono mwepesi na dawa za steroidi, unasalimika kwenye operesheni, kisha kwa baadhi unapotea miezi baadaye. Mpasuaji anayekupa asilimia kamili ya matokeo ya mtoto wako anakisia.

Kwa sababu hiyo, mtoto asinyang'anywe mikono yake. Wazazi wengi wanaambiwa waache lugha ya alama ili mtoto "asizembee" kuongea. Binafsi sikubaliani. Mtoto asiye na lugha yoyote akisubiri kifaa kimfundishe ndiye aliye hatarini kuliko wote. Na hata kifaa kikifanya kazi vizuri, betri ikiisha, akioga, akilala, hasikii kabisa. Familia lazima iwe na njia ya kumwambia kitu usiku.

Mengine ni ya kukumbuka tu: MRI haifanyiki kabla ya kuangaliwa aina ya sumaku yake, na mpasuaji mwingine yeyote aambiwe kuna kipandikizi, maana kisu cha umeme cha aina ya monopola, ambacho umeme wake hupita mwilini, hakitumiki kichwani wala shingoni.

Na kila asubuhi, kabla ya chai, simama mita 2 nyuma ya mtoto, ziba mdomo usionekane, tamka moja moja, bila mpangilio: aa, uu, ii, mm, shh, sss. Zinagusa masafa ya chini hadi ya juu. Arudie, au aweke kijiti kwenye kikombe kila anaposikia. Kama jana alipata "sss" na leo hapati, badilisha betri. Bado? Badilisha waya wa koili. Bado? Kifuniko cha maikrofoni kimezibwa na jasho na vumbi, weka kipya. Bado? Mlete siku hiyohiyo, usingoje miadi.