Je, wajua kalamu ya plastiki huweza kuishinda dunia nzima?

Februari hewa ya Moshi huwa kavu, na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri asubuhi kabla mawingu hayajapanda. Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili alikaa barazani akisugua kalamu ya plastiki kwenye nywele, kisha akaisogeza juu ya vipande vya karatasi alivyochanachana. Vikaruka, vikanata.

"Mjomba, si dunia inavivuta chini? Mbona imeshindwa?"

Swali hilo ni zito. Dunia ina tungamo la kilo zipatazo 6 yenye sifuri 24 nyuma yake, na yote hiyo ilikuwa inavuta chini. Juu zilikuwepo elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji hasi ya umeme, kidogo tu zilizohamia kwenye kalamu kutoka nyweleni. Zikashinda.

Tofauti yenyewe inaonekana ndani ya atomu ya haidrojeni, yenye protoni 1 na elektroni 1. Zinavutana kwa umeme kwa kuwa chaji zao ni kinyume, na zinavutana kwa uvutano, nguvu ileile ya dunia kuvuta vitu chini, kwa kuwa kila moja ina tungamo. Mvuto wa umeme ni mkubwa takribani mara 2 yenye sifuri 39! Kuziweka mbali hakubadili uwiano huo, maana nguvu zote mbili hupungua kwa namna moja: umbali ukiongezeka mara 2, inabaki robo. Mimi humwelezea mtu hivi: chukua elektroni hiyo, ipeleke kilomita milioni 2.5 kutoka kwa protoni yake, zaidi ya mara 6 ya umbali wa mwezi. Huko ndiko mvuto wa umeme unakuwa mdogo sawa na uvutano uliokuwa kati yao zilipokuwa ndani ya atomu.

Basi mbona tukijikwaa tunaanguka? Kwa sababu chaji ni chanya na hasi, na ndani ya jiwe, mtu au mlima huwa zinakaribia kulingana kabisa, zikafutana. Tungamo halina hasi yake. Kila punje ya Kilimanjaro inaongeza mvuto, hakuna inayoupunguza. Ila sakafu inayokupokea ukianguka imeshikana kwa umeme, atomu kwa atomu, ndiyo maana huzami.

Tukiwa bado tunaongea, kipande kimoja cha karatasi kikadondoka, kisha cha pili. Chaji ilikuwa inavuja. Mpwa wangu akairudisha kalamu kichwani, akaanza kusugua upya.